Mgeni Mwema Huchutama

Sitaeleza nilifikaje Vitufeni. Njia ni ndefu, vumbi lake ni vumbi tu, na hasira niliyonayo haikuanzia njiani. Ilianzia mpakani, pale Bwana Pandu, ofisa wa mapokezi, aliponiuliza kazi yangu, nami nikamjibu kwa fahari kwamba ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza.

Bwana Pandu aliziba masikio.

"Neno hilo usilirudie humu ndani, mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, akiangaza huku na huku. "Kuna watu na heshima zao."

Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani. Vitufeni neno mwalimu ni tusi, tena zito, la kusemwa na walevi wakikamatana mashati. Maana yake ni mtu asiye na haya, anayemwaga hadharani kitu ambacho wenzake walikipata kwa machozi. Bwana Pandu, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alinishauri niseme mimi ni mtalii. Basi nikasema mimi ni mtalii, akanifungulia geti.

Nchi hiyo inaishi kwa mchezo mmoja. Watu wawili hukaa mbele ya kioo. Ndani ya kioo mna wanasesere wawili, na kila mchezaji humwendesha wake kwa kijiti na vitufe vilivyopangwa juu ya sanduku dogo. Wanasesere hupigana ngumi na mateke mpaka mmoja aanguke. Hapo raundi imekwisha, na anayetangulia kushinda raundi mbili ndiye mshindi. Ni mchezo mzuri. Nasema hivi mapema asije mtu akadhani ninaudharau. Nimeona watu wawili wakisomana nia bila kutazamana, vidole vikikimbia, huyu akitega na yule akitegua, mpaka chai yangu ikapoa mkononi nisijue. Ubaya wa Vitufeni haumo ndani ya kioo. Umo kwenye viti.

Kiti ni cha mwenyeji, na mwenyeji ni mtu yeyote aliyewahi kushinda pambano moja la hadhara. Kabla ya hapo wewe ni mgeni, hata kama umekuja na mvi zako kichwani. Mgeni haketi ukumbini. Mgeni hasemi barazani. Huchutama nyuma, ng'ambo ya kamba iliyofungwa ukutani hadi ukutani, na zamu yake ya kucheza ikifika huja kuchutama mbele ya kioo, mpinzani wake akiwa juu ya kiti. Juu ya mlango wa ukumbi wamechonga maneno haya kwa herufi kubwa zilizonakshiwa vizuri: MGENI MWEMA HUCHUTAMA. Misimu mitatu ya mashindano ikipita mgeni hajashinda hata mara moja, Bwana Pandu huvaa kofia yake, humsindikiza hadi mpakani, na mtu huyo harudi tena kukiona kioo maisha yake yote.

Nilipanga katika nyumba ya wageni. Kwetu nyumba ya wageni ni mahali pa kulala siku mbili ukaondoka. Kule watu wanakaa humo misimu mizima. Chumba cha jirani alikuwa anakaa msichana anaitwa Sikudhani, fundi cherehani kutoka nchi ya milimani, mwenye vidole vyepesi na magoti yaliyovimba. Alikuwa katika msimu wake wa tatu. Kila asubuhi nilimkuta ameweka sanduku lake la vitufe juu ya meza ya kukatia vitambaa, anafanya mazoezi peke yake, midomo ikihesabu kimyakimya.

"Mwanangu, kwani lazima?" nilimuuliza siku moja. "Si urudi tu kwenye cherehani yako?"

"Mama, mimi kioo hiki nilikiona mara moja tu, gulioni, mtu anapita nacho," alisema. "Nikasimama pale mpaka soko likafungwa. Sijawahi kupenda kitu namna hii. Wakinitoa sasa, sitakigusa tena. Nitakuwa nakiota tu."

Nikamuuliza kinachomwangusha ni nini. Hakufikiri hata kidogo.

"Teke la nyundo. Mwanasesere wa mwenzangu anaruka kidogo, halafu anashusha kisigino kichwani. Mapigo mengine yote nayakinga, mama. Nachutama, nakaza kinga, yanagota. Hilo likija linapita. Linapitaje, sijui."

"Si uulize?"

Alinitazama kwa huruma. "Nimeuliza mpaka nimeona aibu. Wananiambia, cheza tu."

Hapo ndipo nilipoijua damu yangu inavyochemka. Kwa sababu jibu hilo nami nilikuwa nimekwisha kulisikia. Katika mgahawa wa jirani nilimuuliza mzee mmoja kijiti kinashikwaje. Akasema, cheza tu. Nikamuuliza kitufe kipi ni cha ngumi na kipi cha teke. Cheza tu. Nikamuuliza choo kiko wapi, naye kwa mazoea akaniambia cheza tu, kisha akajishtukia, akaninyooshea kidole upande wa uani. Ndiyo akili ya taifa zima hiyo, kwa maneno mawili.

Mimi nimefundisha watoto kushika penseli maisha yangu yote ya kazi. Mtoto anayeishika kwa ngumi humwambii andika tu. Unauchukua mkono wake ndani ya mkono wako, unavikunjua vidole kimoja kimoja, unamwambia hiki hapa, hiki pale, na kesho anasahau na unaanza upya. Hakuna ajabu yoyote katika jambo hilo na hakuna anayepungukiwa. Lakini Vitufeni wana sheria wanayoiita Sheria ya Jasho: kile ambacho mtu amekipata kwa jasho, ni kosa kumpa mwenzake kikiwa kikavu. Nilipomwambia Bwana Pandu kwamba hiyo ni roho mbaya iliyovalishwa kanzu, alitikisa kichwa kwa upole.

"Mama yangu, sisi tulipigwa," alisema. "Kwa nini wao wasipigwe? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

"Na huu ulimwengu wenu nao si umefunga mdomo?"

Alikohoa, akaniuliza kama nimeshaiona Ngazi ya Wageni. Kwa maelezo yake, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kila lalamiko. Wageni wamewekewa mashindano yao wenyewe, mgeni kwa mgeni, dhaifu kwa dhaifu, ili kila mtu apate nafasi ya kushinda pambano lake la kwanza. Nikasema angalau hapo wametumia akili, nikaenda kutazama.

Mchezaji wa kwanza niliyemwona alikuwa na ndevu nyeupe na sugu ya kidole gumba kubwa kama punje ya hindi. Alitangazwa kwa jina la Ndio Kwanza Nimefika. Alimmaliza kijana wa watu kabla sijapata pa kuegemea. Akafuata mama mmoja mwenye kiti chake mwenyewe chenye mto uliodarizwa. Huyo aliitwa Naomba Mnielekeze. Naye hakuchelewa. Upande wa pili wa kioo walipokezana wageni wa kweli, wakichutama na kuanguka, na kurudi ng'ambo ya kamba.

Nikamfuata Bwana Pandu. "Hawa ni wenyeji. Yule mzee nimemwona kwenye mgahawa, anaitwa bingwa."

"Kule ni bingwa. Hapa amevua jina mlangoni."

"Sheria inaruhusu?"

"Sheria inasema mgeni ni mtu anayejitambulisha kuwa ni mgeni."

"Na zile mvi?"

"Amejitambulisha, mama."

Nikataka kujua mtu mzima na heshima zake anapata nini kwa kumpiga anayeanza. Bwana Pandu alishangaa kwamba hilo linahitaji maelezo. Wenyeji wakicheza wenyewe kwa wenyewe, alisema, mtu anaweza kushindwa.

Bingwa wao mkubwa ni Msellem. Ni mtu mrefu, mtanashati, mwenye tabasamu la kudumu, na ukweli ni kwamba mchezo anaujua. Kwenye Ngazi ya Wageni jina lake ni Leo Nimefika. Sifa yake kubwa, iliyompa hata picha ukutani, ni kuinuka mapema. Kule adabu ya ushindi ni kwamba usisubiri mwanasesere wa mwenzako aanguke. Ukishajua umeshinda unaachia kijiti, unasimama, unageuza mgongo, na yeye aanguke nyuma yako. Anayeinuka mapema zaidi ndiye anayehusudiwa zaidi. Watazamaji wanaoijua kazi hawatazami kioo. Wanatazama makalio ya bingwa yanaachana na kiti saa ngapi.

Mtindo huo uliwaletea taabu ya kisheria, maana mara nyingi mshindi yuko mlangoni na pambano halijaisha. Basi wakaamua kwamba kioo si ushahidi. Ushahidi ni neno moja: "tena". Aliyeshindwa humwomba mwenzake warudie, husema "tena", na akishalitamka amekiri. Bwana Pandu husimama kando akilitegea sikio neno hilo, na akilisikia hutangaza: "Limesemwa." Hapo pambano limefungwa, na hakuna mahakama ya kulifungua. Anayeombwa halazimiki kurudia. Sikuona hata mmoja aliyerudia. Jibu la "tena" kule ni mgongo unaokwenda zake.

Siku moja kabla ya mashindano palikuwa na baraza kuu, nami kama mtalii niliruhusiwa kuingia. Ajenda ilikuwa: Kwa nini wageni hawakai? Mkuu wa Benchi, lile jopo la wazee wanaoamua mambo ya ukumbi, ni Mzee Ngwali; alifungua kwa uchungu wa kweli, machozi yakimlengalenga. Alionyesha viti vitupu, safu kwa safu, vimefunikwa mashuka yasipate vumbi. Alisema ujanani mwake ukumbi huu ulijaa hata pa kutema mate hapakuwapo. Sasa wenyeji wanakufa, na wa kukalia viti vyao hawaonekani.

Wakachangia. Mmoja alisema wageni wa siku hizi wana vidole laini, wamelelewa kwa uji. Mwingine akasema tatizo ni nchi jirani, ambako eti wametengeneza sanduku lenye kitufe kimoja cha kutoa teke ambalo wenyeji walilihangaikia miaka; watu walizomea na mmoja akatema mate kwenye leso. Mwanamke mmoja wa safu ya kati alijaribu kusema labda wageni waelezwe walau namna ya kujikinga. Hakumaliza. "Mwalimu! Mwalimu!" walipiga kelele, na mumewe akamkalisha kwa kumvuta nguo. Mwisho likapita azimio moja, kwa kauli moja: mlango upakwe rangi mpya, na chini ya yale maneno ya kuchonga ichorwe picha ya mtu anacheka, imeandikwa Karibuni Nyote.

Ng'ambo ya kamba, gizani kidogo, wageni walichutama wakisikiliza wanavyotafutwa. Nilitafuna ncha ya ushungi wangu nisipayuke.

Kesho yake Sikudhani alipangiwa Leo Nimefika. Hili lilikuwa pambano lake la mwisho. Akishindwa, Bwana Pandu alikuwa na kofia yake tayari, imening'inia kwenye msumari.

Alichutama mbele ya kioo. Msellem alikaa, akakunja mikono ya shati, akatabasamu kwa watu. Raundi ya kwanza ilikwenda kama zote. Sikudhani alikinga kwa mkao wa chini, akakinga vizuri, nikaanza kuwa na matumaini. Ndipo kikaja kisigino kutoka juu. Kikaja tena, na tena, na mwanasesere wake akalala chali.

Raundi ya pili ilielekea hukohuko. Mwanasesere wa Sikudhani alibakiwa na uhai wa kuguswa tu. Msellem akabonyeza teke la nyundo la kumalizia, na hapohapo, kabla kisigino hakijashuka, akaachia kijiti na kuinuka. Hata yeye alikuwa hajawahi kuinuka mapema hivyo. Ukumbi ulilipuka. Alikwishageuka, mikono juu, akaenda mbele kupokea pongezi za Benchi, na macho yote yakamfuata.

Mimi si mtu wa Vitufeni, kwa hiyo nilikuwa natazama kioo. Kwa kuwa kijiti kiliachiwa kabla ya wakati, mwanasesere wa Msellem aliruka palepale aliposimama. Kisigino kilishuka hewani, kikapiga sakafu. Halafu akasimama, mikono ikining'inia, hana mwenyewe.

Sikudhani aliganda kidogo. Kisha akapiga teke la chini, lile dogo la kwenye kifundo cha mguu, pigo la kwanza ambalo kila mtu hulivumbua na la kwanza kuchekwa. Akalirudia. Akaendelea kulirudia kwa mwendo mmoja, kama mtu anayekanyaga cherehani, mpaka mwanasesere wa bingwa akaanguka. Kioo kikaanza raundi ya tatu chenyewe. Kule mbele Msellem alikuwa anamkumbatia Mzee Ngwali. Sikudhani akaendelea kukanyaga. Kelele za shangwe zilikuwa kubwa hivi kwamba mwanasesere yule alianguka mara ya pili bila mtu kusikia, na Msellem alipogeuka kupunga mkono ndipo alipojiona amelala kwenye kioo.

Wakakaa baraza papo hapo. Nimeona mahakama katika safari zangu, lakini sijaona nyingine iliyofanya kazi kwa bidii hivyo kulikwepa jambo lililo mbele ya macho yake. Wa kwanza alisema teke la chini ni teke la ombaomba, ushindi wake hauhesabiki. Wa pili akasema asiyeketi si mchezaji, na huwezi kumshinda mtu asiyecheza. Ila aliyewakosha wote ni yule mzee wa ndevu nyeupe. Alikumbusha kwamba Msellem hakuwemo katika pambano hili, aliyekuwemo ni Leo Nimefika, Msellem hajashindwa, na Leo Nimefika, kwa kuwa si mtu, naye hawezi kushindwa. Walimpigia makofi. Kwa hiyo aliyekuwepo hakushindwa na aliyeshindwa hakuwepo, na msichana aliyevimba magoti ndiye peke yake aliyekutwa na hatia ya kuwapo.

"Hakuna pambano," alihukumu Mzee Ngwali. "Msimu wa tatu wa mgeni umekwisha. Bwana Pandu, kofia."

Sikudhani hakuwa na ruhusa ya kusema. Alibaki amechutama, ameukumbatia ule mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, anakitazama kioo kwa mara ya mwisho. Nilisimama nikapaza sauti kwamba huu ni wizi wa mchana, nikaambiwa watalii wanakaribishwa kupiga picha tu.

Ndipo ng'ambo ya kamba mtu mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kutoroka puani. Kikamshika jirani yake, kikatambaa ukutani mpaka ukutani. Wageni walikuwa wanamcheka bingwa kwa kuangushwa na teke la ombaomba.

Msellem alikuwa ameokolewa. Alichotakiwa ni kunyamaza. Lakini mtu ambaye hajachekwa miaka mingi hajui kicheko kinaumaje. Lile tabasamu la kudumu likamtoka.

"Nilikuwa nimesimama!" alifoka. "Mlinitazama wote, nilikuwa nimesimama! Mwiteni achutame hapa nimwonyeshe! Sasa hivi! Tena!"

Bwana Pandu alikuwa na kofia mkononi. Huyu ni mtu aliyelitegea sikio neno moja maisha yake yote, na mdomo wake ulitangulia akili yake.

"Limesemwa," alitangaza.

Bwana Pandu mwenyewe alionekana ameshtuka kuliko wote. Lakini lilikuwa limesemwa, na likishasemwa Mkuu wa Benchi hana la kufanya ila kuagiza kiti. Wakafunua shuka, wakapangusa vumbi, wakakileta. Sikudhani alikaa kwa uangalifu, akinyoosha miguu pole pole kama mgonjwa.

Mwenyeji mpya ana haki moja siku ya kukaa: kumuuliza mwenyeji yeyote swali moja, naye lazima ajibu kweli. Wanaojua mambo huuliza nani bingwa wa mabingwa, anatajwa, watu wanapiga makofi, wanakwenda kunywa chai. Sikudhani alimgeukia Msellem.

"Teke la nyundo," alisema. "Linakingwaje?"

"Cheza tu," alisema Msellem bila kumtazama.

"Hilo si jibu," alisema Bwana Pandu, ambaye sasa kazi hii ilikuwa imemkolea.

Benchi likanong'onezana kama kujibu ni kufundisha. Likaona kwamba sivyo, maana anayeuliza ana kiti. Msellem akamsogelea Sikudhani, akainama sikioni kwake.

"Kwa sauti, kaka," alisema Sikudhani.

Msellem alinyooka. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, wote wakatazama chini. Nilijiandaa kusikia somo refu, siri iliyofungwa miaka yote hiyo, yenye sura na vifungu.

"Simama," alisema.

"Nini?"

"Likija, simama. Ukinge ukiwa umesimama. Linampata aliyechutama tu." Akajikuna shingo. "Basi. Ndiyo hivyo."

Nimeishi miaka mingi, nimedhulumiwa na nimeshuhudia dhuluma, lakini sijui kama niliwahi kukasirika kama nilivyokasirika pale. Neno moja! Neno la kumwambia mtoto huku unamfunga kamba za viatu. Kila aliyekaa kwenye kiti humo ndani alikuwa analijua. Waliwaona watu wanakuja kutoka mbali kwa mapenzi matupu, wakawachutamisha mlangoni kwa maandishi ya kuchonga, wakawachutamisha ukumbini, wakawachutamisha mbele ya kioo, halafu wakawapiga vichwani kwa pigo linalompata aliyechutama tu. Na jioni wakakaa na kulia kwamba wageni hawakai.

Sikudhani hakulia. Aliyashika magoti yake, moja kwa kila mkono.

"Misimu mitatu," alisema. "Jamani. Magoti yangu haya."

Halafu akageuka kwenye kiti chake kuelekea nyuma, kwenye ile kamba, akajaza kifua.

"Simameni!" alipiga kelele. "Ndiyo dawa yake! Mmesikia huko? Simameni!"

Alikuwa anazungumzia wanasesere. Najua hivyo, na nadhani hata wao walijua. Lakini nilisikia magoti ya kwanza yakialika, kisha mengine, na mengine, huyu akishika bega la yule, wengine wakijivuta kwa kuushika ukuta, watu ambao walikuwa hawajanyoosha migongo ndani ya ukumbi ule tangu waingie nchini. Ile kamba iliyokuwa ikiwafika usoni sasa iliwafika kiunoni. Mmoja akaishika, akaitazama, akaivuka.

Mzee Ngwali naye alisimama, mkono juu ya paji la uso kukinga mwanga, akichungulia nyuma ya ukumbi. Walikuwa wengi. Walijaa kutoka ukuta hadi ukuta na nje ya mlango, wengi kuliko viti vyote, vyenye watu na vilivyofunikwa, na walipokuwa wamechutama hata mimi sikujua ni wengi kiasi hicho. Alimwinamia Bwana Pandu, na kwa mshangao ambao naapa ulikuwa wa kweli, akamuuliza watu wote hawa wametoka wapi.